Disiki za Mzee wa Kadutu

Gitaa la rumba ya zamani linapoanza peke yake, kabla ngoma na sauti hazijaingia, watu wengi wa umri wangu hufumba macho wakatabasamu. Mimi hutoka nje. Wanangu wanadhani nimekuwa mlokole kwa siri. Sijawa. Misa naenda, na bia yangu ya Jumapili nakunywa. Ni kinyaa tu, na hicho kinyaa nakumbuka vizuri kilinipata wapi.

Nilizaliwa Bukavu, mtoto wa wakimbizi Wanyarwanda. Nyumba yetu ya Kadutu ilitazamana na ya mzee mmoja Mshi, kabila la wenyeji wa huko, karani, mtu wa kofia na koti hata siku za jua kali. Alikuwa na mashine ya santuri na kabati zima la santuri zenyewe, ambazo sote mtaani tuliziita disiki. Jumapili baada ya misa alifungua madirisha, na mtoto yeyote aliyenawa miguu aliruhusiwa kuingia. Mkewe alitugawia chai ya maziwa kutoka birika kubwa lililobonyea ubavuni. Mzee alitufundisha kucheza kama katekista anavyofundisha sala: mgongo wima, mabega yatulie, kiuno kiongee na miguu. Aliyepiga kelele disiki ikizunguka alitolewa nje, awe mtoto au mgeni.

Siku ya komunyo ya kwanza ya binti yake, kuku aliyefungwa jikoni akisubiri kisu alichomoka kwenye kamba, akapita katikati ya wageni na kurukia mashine. Sindano ikaikwaruza disiki ambayo mzee aliipenda kuliko zote, ile waliyofungulia dansi siku ya harusi yake. Tangu siku hiyo wimbo ule ulipofika katikati uliruka, mwimbaji akameza nusu ya neno. Mwingine angeitupa. Mzee alicheka mpaka akatoa leso, kisha akatuonyesha la kufanya: wimbo ukiruka, nawe ruka. Kiruko kidogo cha mguu wa kushoto, basi, halafu unaendelea kama hakuna kilichotokea. Watoto wote wa mtaa wetu tulikua na kiruko hicho mwilini.

Baada ya vita na mauaji ya kimbari ya huku ninakoishi sasa, familia kama yangu zilirudi Rwanda, nchi ambayo wengi wetu tuliijua kwa masimulizi ya wazazi tu. Nilikuwa mtu mzima tayari, na cherehani yangu niliiweka barazani kwa Mhindi mmoja mjini Kamembe, karibu na mpaka wa Bukavu. Tuliowakuta walicheka Kinyarwanda chetu. Sisi nasi hatukujua tuwatazameje, wala tuzitazameje nyumba zile ambazo hakuna aliyetaka kuwataja waliokuwa wakiishi ndani. Mji ulikuwa kimya kwa namna ya kuchosha. Kwa hiyo sisi tuliotoka Bukavu tulipoanza kugunduana, mmoja kanisani, mwingine sokoni, tulishikana kama ndugu.

Kilichotuunganisha kilikuwa muziki. Mmoja wetu, mwenye lori la kubeba mizigo, alikuwa amevuka na mashine yake ya santuri, na kwa sababu mashine ilikuwa yake tulimwita Prezida, rais wa kundi. Alikuwapo pia mkunga wa hospitali, msichana wa Kadutu kama mimi, niliyesoma naye darasa moja. Alikuwapo mwalimu wa shule ya msingi aliyecheza vizuri kuliko sote, na wengine ambao walikuja na kuondoka. Tulikutana Jumapili mchana katika ua wa kabare moja, baa ndogo nyuma ya soko, tukala sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu, tukacheza. Sare ya kitenge niliishona mimi. Disiki zetu zilikuwa chache na zimechakaa, tukazirudia wiki baada ya wiki, wala hakuna aliyelalamika. Jirani mmoja, mjane, alituuliza siku moja kwenye uzio kama kweli tuna moyo wa kucheza. Mkunga alimjibu, "Mama, hatufurahi. Tunapumua." Mjane akavuta kiti chake karibu na uzio, akawa anasikiliza akiwa upande wake.

Nilizipenda zile Jumapili. Sitaki mtu adhani nilizichukia tangu mwanzo.

Halafu vita vikavuka upande wa pili, Kongo. Kutoka mlima wa Mururu uliona moshi juu ya Bukavu, na mimi barazani nilisikia bunduki katikati ya mshono na mshono. Kwanza waliingia watu kwa daraja la mpakani wamebeba magodoro kichwani. Baadaye yakaanza kuingia magodoro bila wenyewe. Milango ikaingia, na mabati yenye matundu ya misumari, na sinki za kunawia, na jokofu ambalo ndani yake bado mlikuwa na sufuria ya maharage yaliyooza. Sokoni watu waliuliza bei. Hawakuuliza kingine.

Jumapili moja Prezida alifika na katoni mbili garini. Alizishusha mwenyewe, hakutaka msaada, akazifungua juu ya meza yetu mbele ya sahani za sambaza. Disiki. Nyingi, katika maganda yake. Wenzangu walisimama wote kwa pamoja. Mwalimu alichukua moja, akaibusu. Mimi nilikuwa karibu na katoni, nikasikia harufu yake: moshi, na chini ya moshi harufu ya nyumba ya mtu, sabuni, mafuta ya mawese, nguo zilizokunjwa. Ganda moja lilikuwa na alama ya kiatu.

"Zimetoka wapi?" niliuliza.

"Ng'ambo," Prezida alisema.

"Ng'ambo kwa nani?"

"Maman, weye nawe! Wale wenye kuzibeba hawajui hata ni kitu gani. Wangezichoma moto, ama wangewapa batoto wachezee. Siye tumeziokoa."

Wote wakaitikia: kweli, tumeziokoa. Walilitamka neno hilo kwa furaha, na midomo yao inang'aa mafuta ya samaki. Hapo ndipo kile kinyaa kilipoanza; nikaisukuma sahani yangu kando.

Prezida akachagua moja bila kuangalia sana, akaiweka, akashusha sindano. Gitaa likaanza. Niliujua wimbo, kila mtu aliujua, ulikuwa maarufu wakati wake. Mwalimu alinishika mkono, tukaingia uwanjani na wengine. Tukafika katikati. Mguu wangu wa kushoto ukaruka.

Uliruka kabla masikio yangu hayajasikia kitu. Kisha wimbo ukaruka, mwimbaji akameza nusu ya neno lake. Nikainua macho. Mkunga alikuwa ameruka. Prezida, ambaye utotoni aliishi njia ya juu yetu na alikuja kwa mzee kila Jumapili, alikuwa ameruka pale pale kando ya mashine. Wanne au watano wetu tuliruka pamoja, mguu mmoja, wakati mmoja, kama askari. Tukatazamana, na kila mmoja akajua kwamba mwenzake anajua.

Kisha wote wakatazama chini na kuendelea kucheza.

Nilimwachia mwalimu mkono. Wimbo ulipokwisha nilisema kwa sauti, "Hii ni ya Mzee."

"Mikwaruzo ni mingi duniani," Prezida alijibu. Na mtu mmoja nyuma, sikumwona nani, akasema, "Irudie basi, ni tamu." Wakairudia.

Binti wa yule mzee alikuwa mfanyabiashara wa vitenge. Njia ilipofunguka alivuka daraja mara kwa mara, akaniletea vitambaa, nami nikamshonea. Alikuwa ameshanieleza jinsi walivyokimbilia kwa ndugu zao kijijini na jinsi walivyorudi wakakuta nyumba wazi, hata vitasa vimeng'olewa. Mama yake alikufa kule kijijini kwa kuhara. Nilipomwambia nilichosikia kabareni alikaa juu ya marobota yake akaangalia mikono.

"Kitanda, Papa haongelee," alisema. "Mabati, haongelee. Ni zile disiki tu anaongeleaka kila siku."

"Nimwambie Prezida azirudishe?"

"Acha Papa akuje mwenyewe. Anabajua bote. Ni batoto yake."

Alikuja. Alivuka daraja kwa miguu na koti lake lile lile, limekuwa kubwa mno kwake, na kofia mkononi. Nilimpokea kule chini Cyangugu, penye daraja, tukapanda gari hadi Kamembe. Njiani aliniuliza kama bado nanyoosha mgongo nikicheza.

Kabareni walimpokea kama askofu. Walisimama wote, wakapiga makofi. "Mzee wetu! Baba wa muziki!" Prezida alimfutia kiti kwa leso yake mwenyewe, mkunga akamwekea bia na brosheti, yaani mishikaki. Mashine ilinyamazishwa haraka. Mzee aliketi, akawatazama mmoja mmoja kwa upendo, akiwauliza habari za wazazi wao kwa majina. Bia hakuigusa. Kisha akasema, bila hasira yoyote, kwamba amesikia disiki zake zimefika hapa salama, na anashukuru.

Prezida alikohoa. Alisema disiki sasa ni mali ya kundi, si yake peke yake, yeye hawezi kuamua. Alisema hata hivyo Mzee akaribie kila Jumapili, kiti hiki kitakuwa chake daima, kisikaliwe na mtu mwingine. Akapata wazo, uso ukamng'aa: Mzee awe prezida wa heshima! Watu wakapiga makofi tena, kwa nguvu zaidi, kwa sababu makofi yaliwapa kitu cha kufanya.

Mzee alingoja yaishe. "Zote mubaki nazo," alisema. "Nipatieni moja tu. Ile ya kuku."

"Tuulize kundi," Prezida akasema. "Wanaokubali, wainue mkono."

Niliinua wangu. Nilimtazama mkunga. Alikuwa anatazama ndani ya glasi yake kana kwamba kuna kitu kimezama humo. Mwalimu, ambaye hakuwahi kukaa Kadutu na hakuwa na deni lolote la chai, aliinua mkono nusu, akaona yuko peke yake na mimi, akajifanya anajikuna sikio. Wengine walikaa. Sikuwahi kuona watu wazima wakikaa namna ile, kama wanafunzi waliovunja kioo.

Mzee aliinuka. Alimwonyesha Prezida kwa kidole, taratibu. "Weye, ulikunywaka chai kwangu." Akamgeukia mkunga. "Na weye, ulikunywaka chai kwangu." Akaendelea hivyo kwa kila aliyemjua, hakuongeza neno jingine, hakupandisha sauti. Akavaa kofia.

Nilimsindikiza mpaka darajani. Nilitaka tumseme Prezida vibaya, nilikuwa nimejaa matusi hadi kooni. Yeye aliongea juu ya goti lake na bei ya sukari. Karibu na kizuizi nikamwambia nitaenda kuichukua hata kwa nguvu. "Mutoto yangu," akasema, "batu bamekufa. Usipigane juu ya muziki." Akavuka. Nilipobaki peke yangu nilitapika sambaza zote kando ya barabara, na mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi akanipa maji akidhani nina mimba.

Sikurudi kabareni. Sare yangu niliikata, nikaitumia kama vitambaa vya kufutia mafuta ya cherehani. Mkunga alikuja barazani mara moja na gauni la kupunguza, akaanza kueleza, nikamwambia gauni litakuwa tayari Alhamisi.

Kundi halikufa, lilinenepa. Amani iliporudi kidogo, vijana wakaanza kupenda vitu vya zamani, na watu kutoka Kigali walikuja kusikiliza. Siku moja nilimsikia Prezida kwenye redio ya jirani akieleza jinsi yeye na wenzake walivyouokoa urithi wa Kivu usipotee vitani. Mtangazaji alimshukuru kwa niaba ya vizazi. Muziki mpya nao haukunipa pa kukimbilia. Nyimbo zilikuwa zimejaa majina ya matajiri waliolipa watajwe katikati ya maneno ya mapenzi, na baadhi ya majina hayo sisi wa mpakani tulijua utajiri wao ulivuka daraja mgongoni mwa nani.

Mzee alikufa miaka kadhaa baadaye, kwa uzee tu. Nilikwenda Kadutu kwa matanga. Siku ya tatu, mchana, lori lilisimama mlangoni. Prezida alishuka amevaa suti nyeusi, na nyuma yake mkunga na wengine, na mashine, na zile katoni. Walikuja kumheshimu, walisema. Mpakani walikuwa wameziandikisha kama vifaa vya msiba.

Nilimtazama binti. Nilingoja awafukuze. Ua ulikuwa umejaa wazee wa mtaa, na mmoja wao alikuwa tayari amepaza sauti kwa furaha kuona mashine. Binti alisimama, akasema, "Karibuni." Walipiga disiki za marehemu mbele ya picha ya marehemu. Wazee walilia, wakamshika Prezida mikono, wakambariki. Kisha walipakuliwa chakula, nami nikakaa benchi moja nao, kwa sababu nafasi nyingine haikuwepo. Prezida alinisogezea bakuli la sombe, kisamvu cha kule. "Maman, kula," alisema. "Ni siku nzuri." Jioni kabla mpaka haujafungwa walifunga katoni, wakazirudisha kwenye lori, wakaondoka.

Nilimkuta binti nyuma ya nyumba akisugua masufuria kwa majivu. Nilikunja mikono ya gauni nikachuchumaa kando yake. Nikachukua sufuria moja nikaanza kusugua.

"Kwa nini uliwaacha?" niliuliza mwishowe.

"Uliona bale bazee?" alisema. "Hawakusikiaka ile muziki tangu vita. Ningebafukuza mbele yao?"

"Wamekula hata nyama yenu."

"Bamekula." Alimwaga maji machafu, akachukua sufuria nyingine. "Kesho bachuuzi bataleta maharage kutoka Giheke, ng'ambo kwenu, unisaidie kuchambua. Na ile robe ya kuondoa matanga, uishone mikono mirefu. Nimekonda sana, sitaki batu baone."

Nikamwambia nitamshonea.