Masikio ya Bi Mastura

Bi Mastura, mzaliwa wa Mabawa, alikuwa mke wa dereva wa garimoshi, na kwa miaka ya karibuni alikuwa pia masikio yake. Siri hiyo waliijua wao wawili tu. Mgeni akimsemesha Mzee Hatibu, mkewe husimama nyuma ya mgeni na kurudia maneno kwa midomo bila sauti, mzee akayasoma, akajibu. Na hata akiwa peke yake hakutaabika sana. Watu wa pwani husalimiana kwa mpango ule ule: shikamoo, za nyumbani, watoto hawajambo, kazi inakwendaje. Aliyeyazoea maneno hayo anaweza kujibu yote bila kusikia hata moja.

Basi Meneja Alexander wa machimbo alipokuja uani kwao, alijibiwa salamu zake zote, kila moja mahali pake, akaridhika. Na hata angeshuku, nani angethubutu kumuuliza mtu mzima, mbele ya mkewe, kama masikio yake ni mazima?

Meneja alikuwa na shida. Machimbo ya chokaa yalikuwa bondeni, na mabehewa yaliyojaa mawe sharti yapande mlima kwanza ndipo yaifikie reli ya Tanga. Injini moja ya dizeli huvuta mbele, nyingine husukuma nyuma. Ile ya nyuma ilikuwa imekufa, na kipuri chake kimekwama mpakani Horohoro. Kilichobaki ni injini ya mvuke ya zamani, fupi nene, iliyobeba maji na kuni zake mwilini mwake, iliyoundwa kwa kusukuma tu. Mafundi walikuwa wameifufua ili watalii waipige picha. Wafanyakazi waliiita Shangazi, kwa kuwa hukaa nyuma na kusukuma kama shangazi anayemhimiza bibi harusi mwenye haya. Dereva wake wa mwisho alikuwa Hatibu, na Meneja alikuja kumwomba aiendeshe tena.

Mzee alifurahi, usingizi ukamruka. Bi Mastura naye hakulala, kwa hofu. Dereva wa nyuma haoni mbele. Anasikiliza tu. Honi moja ndefu, sukuma. Honi fupi fupi za mfululizo, simama, kuna hatari. Wake wote wa kambi ile ya reli walizijua. Na dereva wa mbele alikuwa Sabiri, mume wa binti yao Tausi, na Tausi alikuwa mja mzito.

"Baba Tausi, utaisikiaje honi?" alimuuliza kwa midomo.

"Kwa nyayo. Treni naisikia kwa nyayo tangu ujana wangu." Kisha akamshika mkono. "Mama Tausi, unataka kunivua nguo mbele ya watu?"

Hapo alimweza. Mwanamke aliyemsitiri mumewe muda wote ule angemwumbua vipi sasa?

Asubuhi Sabiri alipita kuaga. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sabiri..."

"Naam?"

Neno lilifika kwenye ulimi. Lakini Hatibu alikuwa kizingitini, ovaroli yake imepigwa pasi, anatabasamu kama bwana harusi.

"Nenda salama," akasema, na akajichukia papo hapo.

Meneja alipepea bendera ya kijani, treni ikaondoka. Usiku mvua ilikuwa imenyesha milimani, mvua ya kubomoa tuta la reli. Bi Mastura alisimama kando ya reli, akifuata kwa masikio kile asichokiona. Treni ilikuwa katikati ya mlima honi zilipoanza, fupi fupi, za haraka.

Alingoja Shangazi anyamaze. Shangazi akazidisha mhemo. Bi Mastura akaelewa: huko mbele Sabiri ameona hatari, amefunga breki, na nyayo za mzee zinamwambia mzigo umekuwa mzito, basi anaongeza mvuke, anamsukuma mkwewe kwenye hatari ile ile.

"Hasikii!" akapiga kelele. "Mume wangu hasikii! Mpigie Laurenti!"

Laurenti ndiye aliyekuwa akichochea moto ndani ya Shangazi. Meneja akapiga. Kwa bahati mtandao ukashika, na sauti ikatoka kwenye simu.

"Honi naisikia, bosi. Lakini mzee mwenyewe katulia. Nimfundishe mimi kazi yake?"

Bi Mastura akainyakua simu. "Laurenti, mshike mkono! Mwambie—"

Mlio wa chuma juu ya chuma ukashuka bondeni. Honi ikakatika. Shangazi aliendelea kuhema kidogo, kisha naye akanyamaza.

Tausi alitoka nyumbani akijishikilia ukuta. Alikuwa amekulia kwenye reli ile, honi alizijua.

"Mama, Sabiri kapiga honi weee. Baba hakusikia?"

"Hakusikia, mwanangu," Bi Mastura akasema. "Hasikii siku nyingi. Na mimi nilijua."