Posa ya Dobi

Dobi wa mtaani kwetu alikuwa na kigugumizi kikali, lakini akiimba maneno yalimtoka bila kukwama. Alipompenda fundi cherehani wa duka la jirani, dada yake alijitolea kwenda kumsemea.

"Hapana, dada. N-n-nitasema mwenyewe."

Akatunga wimbo wa mapenzi wenye beti tatu. Mwezi mzima aliufanyia mazoezi huku akipiga pasi, akirekebisha vina na kubadili mahadhi, mpaka wateja wakawa wanamwitikia kiitikio.

Siku moja mchana alivaa shati jeupe, akaenda kusimama mbele ya fundi na kuanza kuimba. Fundi akasimamisha cherehani. Beti mbili zilitoka safi. Ubeti wa tatu, wenye posa yenyewe, ukamtoroka kichwani. Watu mlangoni wakaanza kuchekea viganjani. Jasho lilimtiririka dobi, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja. Akaacha kuimba, akasema.

"Na-na-naomba ni-ni... ni-nikuoe."

Fundi hakumsaidia kumalizia hata neno moja. Alimtazama na kusubiri mpaka alipofika mwisho.

"Nimekubali," akajibu. "Sasa kaa kwenye kiti, miguu inakutetemeka."

Huu ni mwaka wa tisa wa ndoa yao.