Chupa ya Achari Ukumbini

Jirani yangu, shangazi wa bibi harusi, alibisha hodi wiki ile ya harusi, akaingia moja kwa moja mpaka kabatini kwangu. Alitoa chupa ya achari ya embe, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ntaifunga utepe, nitie asumini na mawaridi, niiweke katikati ya meza ukumbini. Vyombo vya maua vya dukani hatuviwezi."

"Lakini Bi mkubwa, bado imejaa!"

"Basi kula! Alhamisi nnaitaka, imeoshwa."

Kumbe mtaa mzima umeamrishwa hivyo. Tukala achari kwa wali, kwa mihogo, hata kwa mkate wa chai.

Siku ya harusi meza zilipendeza, vigelegele vikapigwa. Ila sisi wanawake wa Unguja mnatujua: kabla biriani haijesha, maua yote yalishahamia nyweleni na vifuani mwetu. Chupa zikabaki tupu mezani. Nikamtazama shangazi kwa woga. Akashika kiuno, akacheka mpaka machozi.

"Haya, kila mtu na chupa yake, jikoni mkajaze biriani!"

Yangu imerudi nyumbani imejaa biriani. Hiyo sikungoja kuamrishwa kuila.