Picha "yatima", na baba yake amesimama mbele yake

Leo papa yangu amekatazwa kupiga picha ya picha aliyoipiga yeye mwenyewe. Bado niko na hasira.

Tulienda kuona maonyesho ya picha za zamani hapa Goma. Papa alikuwa na studio ya picha kule mujini Kiwanja. Vita vilipofika tulikimbia na nguo za mwilini tu, picha zote zikabaki.

Kumbe ziliokotwa!

Moja iko ukutani, kubwa kama mulango: mama yangu mbele ya studio, mutoto mugongoni. Chini wameandika: "Picha yatima. Mwenyewe alitafutwa, hakupatikana."

Papa akatoa telefone. Mama mumoja wa maonyesho akakuja mbio.

"Muzee, hapana! Inakatazwa. Kuna haki, droits d'auteur."

"Za nani?"

"Za mwenye picha."

"Ni miye."

Akacheka. Jamani, akacheka! "Kila mutu anasema vile. Uko na papier, hati yoyote?"

Papier! Mutu amekimbia risasi, mukononi abebe papier?

Nikamuuliza walimutafuta wapi. "Kwenye internet." Papa anakaa Murara, hapa hapa Goma! Na picha ile ile wanaiuza kwenye kadi pale mulangoni. Kwa kuuza, mwenyewe hahitajiki.

Papa akarudisha telefone mufukoni.

Watu wa Kiwanja, mupite pale muangalie kama wazee wenu wako ukutani. Mutaniambia.

Miye, kabla ya kutoka, nilimwambia yule mama: "Mutoto huyu wa mugongoni ni miye. Papa yangu ndiye huyu. Sasa yatima ni nani?"