Mshahara Uliofungiwa Stoo

Karani wa mishahara hakumwacha Mama Vifungo hata akae. "Shemeji, nimeshakwambia, mumeo si wetu tena," alisema huku akichovya mkate kwenye chai. "Tulimtoa kwenye hesabu zetu siku alipoondoka. Waulize wa chuoni."

"Wa chuoni nimewapigia. Wanasema bado hawajampokea kwenye mfumo."

"Basi subiri wampokee."

"Kwa hiyo sasa hivi mume wangu ni wa nani?"

Karani alicheka. Alidhani ni utani, masikini, na Mama Vifungo alitamani kummwagia ile chai. Aliondoka bila kuaga. Zilikuwa zimepita wiki nne tangu mumewe, Sajenti, aende kwenye chuo cha maofisa, na kila alipoingia ofisi hiyo alitoka na neno moja tu: subiri. Asubiri nini? Mtoto mgongoni hasubiri, na kota ya jeshi ndiyo haisubiri kabisa.

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani wa pale kambini. Jina hilo alipewa na wanajeshi wenyewe, kwa kuwa hakuna kifungo cha sare kilichokatika asikirudishe siku hiyo hiyo. Cherehani yake ilikaa kwenye kibaraza cha kota, na kelele zake zilijulikana mtaa mzima. Sajenti alipochaguliwa kwenda kusomea uofisa, watu walimpongeza mkewe kama vile ndiye aliyefanya mtihani. Na kweli alikuwa na haki ya kupongezwa. Ni yeye aliyemshikia mumewe vitabu, akamuuliza maswali huku anapindisha suruali za watu, na akamnunia kila alipojibu ovyo. Sajenti alikuwa amechoka kupigia saluti vijana aliowafundisha mwenyewe kushika bunduki, na umri ulikuwa unamruhusu kwenda mwaka huo tu. Akikosa safari hii, basi tena.

Kitu ambacho hakuna aliyewaambia ni kwamba ukienda chuoni unavuliwa cheo, na ukivuliwa cheo kota si yako. Barua ya kuhama ilikuja Sajenti hajamaliza hata wiki mbili kule. Mkewe awe ametoka ifikapo Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Familia itakayoingia ilikuwa imeshapangwa, na mke wa familia hiyo, bila haya, alikuja kupima madirisha huku Mama Vifungo anapika.

"Dada, samahani," alisema, futi mkononi. "Nasikia wewe ndiye fundi. Hebu nishonee mapazia ya hapa."

Yaani ashone mapazia ya kumfukuzia mwenyewe! Mama Vifungo aliuma meno, akataja bei, akaongeza kidogo kwa ajili ya uchungu, na akayashona. Angefanyaje? Alikuwa amepata chumba nje ya kambi, karibu na maduka, chenye kibaraza cha kuweka cherehani ambako wateja wake wangeweza kumfikia. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi mitatu mkononi, na hela ya mapazia ilitosha kununua unga na mkaa tu.

Jumatano ya wiki ile ya mwisho alirudi kwa karani, safari hii akiwa amevimba. Aliketi kabla hajakaribishwa, akamweka mtoto juu ya meza katikati ya makaratasi, na kusema, "Sitoki hapa. Fungua hiyo kompyuta yako uangalie. Usiniambie, angalia."

Karani akafungua, shingo upande. Akatazama. Akakohoa.

"Ee... shemeji, kumbe imeingia."

"Nini?"

"Mshahara. Kumbe jina lake halikutolewa; umeingia benki tarehe ileile ya siku zote. Umepungua tu kidogo."

Wiki nne! Wiki nne za njoo kesho, na hakuna hata mmoja aliyebonyeza kidude kuangalia. Mama Vifungo alimpa karani vidonge vyake mpaka watu wa chumba cha pili wakaacha kuandika. Kisha akambeba mtoto, akatoka akipiga mahesabu ya kodi. Alikuwa amefika kwenye mlingoti wa bendera ya kambi aliposimama ghafla.

Kadi ya benki iko wapi?

Kadi ilikuwa kwenye pochi ya Sajenti. Pochi ilikuwa kwenye begi, pamoja na simu yenye laini ya pesa. Na mfuko wa begi hilo aliushona yeye mwenyewe, kwa uzi wa viatu, mishono miwili miwili, ili vibaka wa kwenye basi wasimwibie mume. Siku ile Sajenti alimsifu sana. Wote wawili wakasimama wanaitazama kazi ile kwa furaha, majuha wakubwa, hela ya nyumba imefungiwa mle ndani. Hasira zote alizokuwa amezimwaga kwa karani zikamrudia mwenyewe.

Kesho yake, akiwa na nauli ya kwendea tu, alipanda basi hadi chuoni. Getini kulikuwa na chuma kirefu kilichokingama njiani na koplo mmoja mpole, tayari na majibu yake.

"Shemeji, wiki sita za mwanzo hawaonani na mtu."

"Simtaki yeye. Nataka kadi, iko kwenye begi lake."

Koplo akakuna shavu. "Hapo ndipo pagumu. Mabegi yote yamefungiwa stoo tangu siku waliyofika. Hapa kwetu begi likitoka stoo linatoka na mwenyewe. Maana yake amejitoa, anarudi kwenye cheo chake cha zamani, masomo basi. Akishavuka hiki chuma nalo, hata akilia harudi."

"Kwa kadi tu? Kadi yenyewe ndogo hivi!"

"Hata kwa kitana, shemeji. Kitu cha begini hakivuki hapa bila mwenyewe."

Mama Vifungo akaangua kicheko kibaya, kisha akaanza kulia, kisha akasema yote: kota, Ijumaa, mapazia, mwenye nyumba. Koplo akaingiwa na huruma. Akachukua simu ya kibandani, akapiga ndani, na kwa nia njema kabisa akaeleza kila kitu, neno kwa neno.

Wakasubiri pale getini. Mtoto akalala. Kisha kwenye barabara ndefu ya ndani akatokea mtu amenyolewa upara, amekonda, anatembea haraka. Mkufunzi alikuwa nyuma yake mbali kidogo. Mama Vifungo alimjua mumewe kwa mwendo. Halafu akaona begi begani.

"Rudi!" alipiga kelele.

Sajenti hakusimama. "Kesho mtalala wapi?"

"Tutalala! Hilo niachie mimi. Rudi!"

"Hela hii hapa, mke wangu. Mimi usajenti wangu unanitosha."

"Haukutoshi! Mwongo we! Miaka yote unalalamika sikioni mwangu, leo ndiyo unatosha?" Alikuwa ameshika chuma kwa mikono miwili, kamasi zinamtoka, hajali. "Nimekushikia vitabu mpaka macho yakaniuma. Ukivuka hapa, Sajenti, haki ya Mungu, mimi na wewe basi!"

Sajenti akasimama. Kati yao palibaki hatua moja, na angenyoosha mkono wangeshikana. Alimtazama mkewe, akamtazama mtoto mgongoni. Akageuka na begi lake, na mkufunzi akamkaripia kwa sauti kubwa akimbie, naye akakimbia.

Koplo alisubiri mpaka Sajenti akapotea nyuma ya mabweni. "Lakini shemeji," alisema taratibu, "si ulikuja kwa ajili ya kadi?"

"Kadi ndiyo niliyokuja kuchukua. Mume sikuja kumchukua."

Akajifuta uso kwa kiganja na kumkaza mtoto vizuri mgongoni. Kisha, kwa sauti ya chini iliyomuuma kuliko kelele zote zile, akamwomba koplo amkopeshe nauli ya kurudi.