Salamu za Krismasi Zavuka Ua

Jeptoo, karani wa ofisi ya maji mjini Lodwar, aliwatumia watu sabini salamu za Krismasi kwa simu, ujumbe uleule. Mmoja wao alikuwa jirani yake, Mama Namuria, ambaye amekuwa akila naye Krismasi kila mwaka tangu Jeptoo ahamie hapo kutoka Kericho. Saa nane mchana wa Krismasi pilau ilikuwa tayari, lakini Mama Namuria alikuwa hajatokea. Jeptoo hakutaka kula peke yake, akavuka ua.

"Ejok, mama," akamsalimu kwa Kiturkana. "Hukupata salamu zangu?"

"Simu yako ilinisalimia. Wewe je, ulisafiri?"

Jeptoo akacheka, akampa mkono, akauliza habari za watoto, za mvua, hadi za mbuzi wake walioko kijijini Kaaleng. Mama Namuria akajibu zote bila haraka, kisha akajitanda shuka.

"Haya, karani. Sasa nina njaa."