Maua Mekundu ya Nyuma ya Kisiwa

Ulikuwa mwaka wa mateke, magimbi ya kwetu. Usiniulize namba, mimi na namba tuliachana zamani, na utaona kwa nini. Miaka ninaijua kwa tumbo. Kuna mwaka tulikula maharagi mpaka watoto wote wakaota mashavu, kuna mwaka wa mihogo michungu, na kuna huu, ambao mvua ilikataa kuondoka, maharagi yakaozea shambani milima yote ya Nyamitaba, tukabaki na mateke. Mateke asubuhi, mateke jioni, ya kuchemsha bila chumvi, yanayowasha koo kama umemeza manyoya ya paka. Mafuta tuliyasikia kwa hadithi tu. Shika hilo, rafiki yangu, mafuta na chumvi, maana ubaya wote ulitokea hapo.

Ninakuambia haya nikiwa nimesimama. Tangu asubuhi sijakaa. Ninatoka jikoni, ninafika kwenye maji, ninarudi, ninageuza mateke ambayo hayaombi kugeuzwa. Mujukuu wangu wa kike amefika na wageni kutoka Goma. Alisomea mambo ya tourisme, njo kazi yake kutembeza watu, na mimi ninajivunia, usidhani vingine. Wageni wako kwenye kivuli cha nyumba yangu, wanapiga sahani picha kabla ya kula. Wakimaliza wataomba kitu. Ninajua watakachoomba. Njo maana miguu yangu haitulii.

Kisiwa hiki unachokiona leo kama kichwa cha muntu mwenye upara kilikuwa mugini muzima. Nyumba zilibanana mpaka jirani akipiga chafya, wewe unamuambia "Mungu akulinde" bila kutoka kitandani. Asubuhi ulisikia kwanza nyundo ya mufua vyuma, halafu wazee wakipiga ganda la muti kwa kulainisha nguo za kizamani, halafu jogoo, maana jogoo wa kisiwa walikuwa wavivu. Hewa ilinuka moshi na ndizi za kuivisha pombe. Nililelewa na koko, mama ya mama yangu. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kufagia uwanja, na kukwangua mateke mpaka vidole viwashe.

Jumapili, kisha misa kuisha, wageni walikuja. Walitoka plantation ya ng'ambo, wengine Goma, na viatu vyao vyeupe ambavyo udongo wetu ulivifurahia sana. Koko njo aliwatembeza. Alitangulia miguu mitupu, mukono mugongoni. "Hapa mwami, mufalme wetu wa zamani, alikuwa anakaa. Hapa alinolea mukuki wake, tazameni mukwaruzo. Guseni, guseni, jiwe haliumi." Aliwapeleka kwenye muti wa nguo za ganda, aliwaonyesha nguzo za nyumba ya mwami zilizokuwa zimegeuka mawe kwa uzee, ao yeye njo alisema hivyo. Mwaka ule chumvi yote ya kisiwa ilikuwa ndani ya hadithi za koko.

Lakini nyuma ya kisiwa, upande jua linapozamia, kulikuwa pori la maua mekundu. Miti ile ikitoa maua haina hata jani moja. Inawaka tu, kama makaa yanapopulizwa. Kila mugeni aliuliza: "Na kule, kunawaka nini?" Koko alijibu wote sawasawa, bila kupandisha sauti: "Mumekula, mumekunywa, mumeona maji. Kule si kwa macho. Mutumbwi iko tayari." Alisema vile unavyofunga mulango mbele ya mbuzi: huna hasira, lakini umefunga.

Sisi tulijua. Mutoto aliyekufa mbele ya kuota jino hakuzikwa pamoja na wakubwa. Mama yake alimubeba mpaka kule, akamulaza, akakata kijiti cha muti wa maua mekundu, akakipanda hapo kwa mukono wake mwenyewe. Kijiti kile hakikatai udongo. Unakichomeka tu, kinachipuka. Sheria zilikuwa mbili. Usionyeshe kule kwa kidole. Onyesha kwa kidevu. Na usihesabu ile miti. Wazee walisema ukiihesabu, inafikiri unatafuta mumoja aliyekosekana, nayo inakuletea mutoto mwingine wa kuzika.

Sasa Jumapili moja ya mwaka ule, akaja bwana wa plantation na bibi yake. Koko alibaki na bwana kwenye jiwe la mukuki. Madamu alichoka, akakaa karibu na jiko letu, akafungua boxi ya sardini. Mafuta yakamutiririka kwenye vidole, akavilamba. Ninakuambia, mate yalinitoka mpaka kidevuni. Alikuwa na boxi nyingine. Akaiweka kwenye goti.

"Nipeleke kwenye yale maua, nitakupa hii."

"Koko anakataza."

"Koko iko mbali."

Kweli, alikuwa mbali. Niliangalia boxi, nikaangalia mugongo wa koko, nikaangalia boxi tena. Nikaenda.

Madamu alifurahi kama mutoto. Alivunja tawi moja, akavunja lingine, akasema atayaweka mezani kwake ndani ya chupa. Halafu akaniuliza: "Mingi hivi! Iko ngapi?" Na mimi, mupumbavu, nilikuwa nimetoka tu kusifiwa na mwalimu kwa hesabu. Nilitaka aone kwamba watoto wa kisiwa nao wana akili. Nikanyoosha kidole, nikahesabu, kwa sauti, kwa Kifaransa, muti kwa muti. Nilipofika pale namba za mwalimu zilipoishia, nikaanza tena kwa moja.

Nyuma yangu nikasikia pumzi. Koko alikuwa amesimama. Hakupiga kelele. Alichukua matawi katika mikono ya madamu, moja moja, kama unavyopokea mutoto kwa muntu ambaye hajui kumushika. Akasema maneno yake yaleyale, na mutumbwi ukaondoka.

Jioni, watu wote wa nyumba wakiwa wamezunguka mateke, koko alifungua boxi yangu ya sardini, akaimwaga kwenye jani la ndizi mbele yangu.

"Kula."

"Koko, tugawane."

"Tugawane nini? Watoto wa watu wote umewauza peke yako. Kula peke yako."

Nilikula. Wote wakiniangalia, wanatafuna mateke yao. Ningekudanganya nikisema yale mafuta yalikuwa machungu. Yalikuwa matamu. Njo ubaya wake.

Juma lile mutoto wa jirani yetu, hata jino hana, akashikwa na homa. Jirani aliponiona alivuta kitenge akamufunika mutoto. Kutulia kwangu kukaishia siku ile. Nikiteka maji, ninaacha ndoo, ninakimbia mulangoni kwake, ninasikiliza kama kuna kulia. Kulia kulikuwa dawa yangu. Kimya njo kiliniua. Nilifagia uwanja wa jirani mara tatu kwa siku, mpaka akaniuliza kama ninatafuta kufukua nyumba yake. Homa ikapungua, ikarudi, ikapungua. Halafu asubuhi moja nikasikia anaita kwa sauti kubwa, kisiwa chote kinasikia: "We mwenye hesabu! Kuja hapa uhesabu na hii!" Nikaingia. Alimufungua mutoto mudomo kwa kidole. Jino. Jeupe, dogo kama punje ya muchele. Jirani alicheka, mimi nililia, na jina la Mwenye Hesabu likanifuata mpaka siku ya harusi yangu. Mashemeji waliliimba, na mukwe akauliza kama mutoto wake anaoa mwalimu.

Siku ileile ya jino, koko alinichukua nyuma ya kisiwa na yale matawi madamu aliyovunja. Alikuwa ameyaweka kwenye maji, hayakufa. Tukayapanda. Akapita katikati ya miti, anagusa huu, anagusa ule. "Huyu alikuwa na nywele nyingi, ajabu. Huyu alizoea kushika ziwa la mama yake kwa mikono miwili, kama mulevi na chupa." Akacheka. Sijawahi kumusikia akicheka hivi mbele ya wageni. Aligusa miti kadhaa. Sikuihesabu.

Nilikua, nikaolewa humuhumu kisiwani. Mutoto wangu wa kwanza alikuwa mwanaume, mwenye sauti kubwa, aliyejua kukasirika vizuri kabisa. Nilimupeleka kule, hata jino hajaota. Nilikata kijiti mwenyewe, nikapanda, koko akinishikia jembe. Padri aliniambia ilikuwa malaria. Ninamuamini padri. Lakini tangu siku ile sihesabu kitu, si kuku, si vikombe, si miaka.

Kisha ikaja vita, tukakimbia. Nililima mashamba ya watu Ntoto, kule Walikale, nikala majani ya porini ambayo sikujua hata majina yake, na kila nilipoona muti wenye maua mekundu niligeuza uso. Niliporudi, ng'ombe wa watu walikuwa wanalala penye kitanda cha koko. Jiwe la mukuki, muntu mumoja aliligawanya kwa kujengea. Muti wa nguo za ganda ulikwisha kuwa makaa. Nyundo hakuna, pombe ya ndizi hakuna, hata wale jogoo wavivu hawakuacha kizazi. Nikajenga nyumba moja, hii. Nyuma ya kisiwa tu njo hakuna aliyegusa. Miti imekuwa mirefu, maua yanaonekana mpaka barabarani.

Na sasa mujukuu ananifuata jikoni.

"Koko, maji watu wanayaona popote. Hapa umebakiza nini? Kipande cha jiwe, eti mwami alinolea mukuki!"

"Alinolea."

"Sawa, alinolea. Lakini kule njo pazuri. Dakika tano tu, na wewe unawapa historia kidogo."

"Historia gani?"

"Yoyote! Tangu lini wewe unakosa maneno? Wasipoona pale, watasema niliwatoa Goma kuja kuangalia mateke."

"Wameyamaliza lakini, hayo mateke."

Alicheka, akanipiga begani. Hajui. Kosa ni langu: alikulia Goma, na mambo haya hauyasemi kwenye telefone. Hata mama yake, binti yangu aliyekuja nyuma ya yule, nilimuambia tu kwamba alikuwa na kaka mukubwa. Mahali sikumuonyesha. Nilisubiri siku nzuri. Siku nzuri ilikimbia pamoja na sisi, haikurudi.

Wageni wanasimama, wanapanguza midomo, telefone ziko juu. Mujukuu anawatangulia hatua mbili, mukono mugongoni, kama koko wangu kabisa, na hakumuona hata siku moja. Kisha ananyoosha kidole.

"Muone! Iko mingi, eh? Moja, mbili, tatu..."

Sijui nilifikaje pale. Nilikishika kidole kile, nikakikunja ndani ya mukono wangu. Nikamuambia kwenye sikio: "Mumoja wapo ni mukubwa wa mama yako. Hakuota jino. Nilimupanda mimi."

Aliniangalia.

Mugeni mumoja, papa mwenye kofia, hakuelewa. "Dada, ni nini kule, mashamba ya nani?" Mujukuu wangu, muntu wa Goma, muntu wa diplome, aliinua kidevu kidogo kuelekea miti. Kidevu, si kidole. Sikumufundisha. Telefone akaiingiza katika kibegi. "Koko njo mwenye kisiwa," akasema polepole. "Mumuulize yeye."

Yule papa akavua kofia, ana adabu. "Mama, hata kwa mbali tu? Tumetoka mbali."

Miguu yangu ilitulia, mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mumekula, mumekunywa, mumeona maji. Kule si kwa macho. Mutumbwi iko tayari."